Nukta Kumi na Mbili

Kibao cha nukta nundu huandikiwa kutoka kulia. Unabana karatasi nene katikati ya pande zake mbili, unapapasa kidirisha cha mwisho upande wa mkono wa kulia, kisha unadunga kwa kalamu yenye ncha butu ya chuma. Kila kidirisha kina nafasi ya nukta 6, tatu huku na tatu huku. Herufi unaidunga kinyume, na ukimaliza ukurasa unaitoa karatasi na kuigeuza. Vile vishimo vimekuwa vinundu, na kidole sasa kinasoma kutoka kushoto.

Neno Pemba lina nukta 12. P ina 4, E ina 2, M ina 3, B ina 2, na A ina moja tu, ile ya juu kabisa. Mkono unaojifunza hukosea zaidi kwenye E, kwa sababu E na I ni kama mtu na kivuli chake kwenye kioo: ukisahau kuigeuza wakati wa kudunga, utaipindua karatasi na kusoma Pimba. Nimekishika kibao hiki mara nyingi, na bado nikifika kwenye E mkono wangu husita.

Naanza na kibao kwa sababu habari ya kuwasomesha watoto wasioona kisiwani Pemba ni habari ya mkono. Sikio lilipata skuli yake zamani sana. Mkono ulicheleweshwa. Na mtoto asiyeona wala kusikia, ambaye mkono ndio mlango wake mkubwa, amecheleweshwa kuliko wote.

Kabla ya skuli, Pemba ilikuwa na chuo. Mtoto alipelekwa kwa maalim angali mdogo, akakaa mkekani na wenzake, akaanza kuitikia. Maalim anasoma, watoto wanarudia. Anarudi pale pale, nao wanarudi pale pale, mpaka aya inakaa. Wenye macho walikuwa na mbao na wino, lakini uti wa mgongo wa somo ulikuwa sauti. Mtoto asiyeona alipokaa kwenye ule mkeka hakuhitaji kuandaliwa darasa la peke yake. Alisoma walichosoma wengine, kwa njia ile ile, na pengine akawapita, maana mwenye kitabu humwachia kitabu kazi ya kukumbuka, naye hana pa kuiachia. Hifdhi ilikuwa kalamu yake na rafu yake ya vitabu.

Heshima hiyo ilikuwa na asili katika dini yenyewe. Kila anayesoma Juzuu Amma anaifikia sura ya 80, Abasa, na kila maalim anakijua kisa chake: Abdallah bin Ummi Maktum, mtu asiyeona, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutafuta elimu wakati Mtume ameshughulika na wakubwa wa Makureshi, na aya zikateremka kwa ajili yake. Baadaye huyo huyo akaadhini Madina pamoja na Bilal, na Mtume aliposafiri alimwachia kuwasalisha watu. Huko Misri, Taha Hussein, aliyezaliwa mwaka 1889 na kupofuka akiwa mdogo, alihifadhi Kurani katika chuo cha kijijini kwao, akaenda Al-Azhar, akaenda Paris, na mwaka 1950 akawa Waziri wa Elimu wa nchi yake. Kwa watu wa mwambao waliofuatilia habari za Misri, hili halikuwa jambo dogo.

Lakini chuo kilikuwa na mpaka wake, na mpaka huo ulikuwa mchungu. Aliyehifadhi msahafu mzima hakuweza kuandika jina lake. Barua ikija, asomewe. Msimu wa karafuu ukifungwa na pishi zikihesabiwa, aamini alichoambiwa. Akitaka kumwandikia ndugu yake aliyehamia Unguja au Tanga, kila neno la moyoni lipite kwanza mdomoni mwake, liingie sikioni mwa mwandishi, na mwandishi huyo ni jirani. Watu husema asiyeona amenyimwa nuru. Mimi nadhani alichonyimwa zaidi, na alinyimwa na watu, ni siri: haki ya kuwa na neno lake mwenyewe, lililoandikwa, asilolijua mwingine.

Dawa ya jambo hilo ilikuwa tayari duniani. Louis Braille alizaliwa mwaka 1809 katika kijiji cha Coupvray, si mbali na Paris. Baba yake alikuwa fundi wa hatamu na matandiko ya farasi, na mtoto alipokuwa na miaka 3 alijichoma jicho kwa chombo cha kutobolea ngozi. Jeraha likaingia uchafu, macho yote mawili yakaenda. Kufikia mwaka 1824, akiwa kijana wa miaka 15, alikuwa ameshapanga nukta 6 ziweze kubeba alfabeti nzima, na mwaka 1829 akauchapisha mfumo wake. Alifariki mwaka 1852. Nukta hizo zikavuka lugha baada ya lugha. Mwaka 1951 UNESCO iliita mkutano Beirut kuafikiana juu ya nukta za Kiarabu na lugha jirani zake, na ndiyo sababu msahafu wa nukta nundu leo husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, tofauti na msahafu wa wino. Mtoto wa Pemba anayeupokea kwa mara ya kwanza hujifunza kwamba ile alifu aliyoizoea kwa sauti inaanzia upande mwingine. Haimsumbui kwa muda mrefu. Aya anazo kichwani, kidole kinakwenda kuzitambua tu.

Afrika Mashariki nukta zilifika kwa mikono ya misheni. Kule Kenya, Jeshi la Wokovu lilifungua skuli ya wasioona ya Thika mwaka 1946. Wakati huo huo Mwingereza John Wilson, aliyepoteza macho akiwa na miaka 12 kwa mlipuko katika maabara ya skuli, alikuwa katika ujumbe uliozunguka Afrika na Mashariki ya Kati kuangalia hali ya wasioona katika makoloni. Aliporudi alisukuma kuundwe chama, na mwaka 1950 kikaanzishwa. Leo kinajulikana kama Sightsavers. Mwaka huo huo wa 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua skuli ya wasioona Buigiri, Dodoma, ya kwanza Tanganyika. Mwaka 1963 Walutheri wakafungua Irente, kwenye milima ya Lushoto.

Hebu tuitazame ramani. Lushoto iko mkoa wa Tanga, na Tanga inatazamana na Pemba. Kati yao kuna mkondo wa bahari wa kilomita kama 50, wenye kina cha kutisha. Kwa jahazi lenye upepo mzuri si safari kubwa. Watu wa Wete na Tanga wameoana na kufanya biashara kupitia maji hayo miaka na miaka. Lakini kwa mzazi mwenye mtoto wa miaka 7 asiyeona, safari ile ilikuwa na bahari mbili. Ya kwanza ni ya maji. Ya pili ni kwamba skuli zile za mwanzo zilikuwa za makanisa, na mtoto anatoka katika kisiwa ambacho karibu kila mtu ni Mwislamu. Skuli za serikali za Zanzibar zenyewe zilikuta wazazi wengi wakisitasita, mpaka Kurani ilipoingizwa katika masomo ndipo mlango ukaanza kufunguka. Iwapo mzazi alihofia skuli ya serikali iliyo mtaani kwake, atawezaje kumtoa mtoto asiyemwona hata anayemshika mkono, akalale mabwenini, ng'ambo, kwa watu wa dini nyingine? Simlaumu mzazi huyo. Wala siwalaumu waliofungua Buigiri; wao walifungua, wengine hawakufungua. Matokeo tu ni kwamba mtoto alibaki nyumbani.

Kule Dodoma, karibu na Buigiri, kulijulikana jambo lililowahusu watoto wa visiwani pia. Katika hospitali ya Mvumi, madaktari wa macho walikuwa wakipokea watoto wenye vidonda vya konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Daktari Allen Foster na mwenzake Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 habari za watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda hivyo: zaidi ya theluthi vilihusiana na surua. Surua humkuta mtoto ambaye akiba yake ya vitamini A ni ndogo, inaimaliza ile iliyobaki, na konea inaoza kwa siku chache. Wengine walikuwa wametiwa machoni dawa za kienyeji, kwa nia njema kabisa, na dawa ikamaliza kilichosalia. Chanjo ya surua ilikuwa imeshaingia katika mpango wa chanjo wa Tanzania mwaka 1975, na baadaye matone ya vitamini A yakawa yanatolewa mara mbili kwa mwaka kwa watoto walio chini ya miaka 5. Kila mama wa Pemba aliyewahi kupanga foleni kituo cha afya anakijua kile kidonge laini kinachokatwa kwa mkasi na kukamuliwa mdomoni. Wengi hawajui kwamba wamepanga foleni kwa ajili ya macho.

Mapinduzi ya Januari 12, 1964 yalifuatiwa, Septemba 23 mwaka huo, na tangazo la elimu bure kwa Wazanzibari wote. Skuli zikajaa. Kwa mtoto asiyeona, ada iliondoka lakini ubao ulibaki pale pale ukutani, na chaki juu yake. Bure peke yake haikumsaidia kusoma asichokiona. Waliobahatika walivuka kwenda bara, ambako kulikuwa pia na skuli ya Uhuru Mchanganyiko, Dar es Salaam, ya serikali, inayowachanganya watoto wenye ulemavu na wasio nao kama jina lake linavyosema.

Walioamsha mambo Zanzibar ni watu wenye ulemavu wenyewe. Mwaka 1985 waliunda Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, UWZ. Wasioona wakawa na jumuiya yao, ZANAB, na viziwi yao. Mwaka 1994 wawakilishi wa serikali 92 walikutana Salamanca, Hispania, wakakubaliana kwamba skuli ya kawaida ndiyo inayopaswa kubadilika ili kila mtoto aingie. Mwaka 1999 wazazi na watetezi wa watoto wenye ulemavu wa akili Zanzibar waliunda jumuiya ya ZAPDD, na wao ndio, pamoja na Wizara ya Elimu na wenzao wa Norwei, walioianzisha elimu mjumuisho visiwani mwaka 2004. Bara huiita elimu jumuishi. Huku tunasema mjumuisho. Mwaka 2006 Zanzibar ikapitisha sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu, Sheria Namba 9, na Desemba mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ukapitisha mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinawataja kwa jina watoto wasioona, viziwi, na viziwi wasioona, na kutaka wafundishwe kwa lugha na njia zinazowafaa.

Sheria nimezipita haraka. Darasani ndiko ninakotaka kukaa.

Mtoto asiyeona ameingia skuli ya kijijini kwao, sema darasa la pili, watoto wamebanana madawatini. Mwalimu anaandika ubaoni hesabu, anageuka na kusema, "Ukijumlisha hii na hii, unapata hii." Watoto wote wameelewa isipokuwa mmoja. Hakuna aliyemkataza kitu, na mlango ulikuwa wazi. Maneno matatu tu yamemtoa nje: hii, hii, na hii. Mwalimu aliyefundwa vizuri husema, "Ishirini na tatu ukijumlisha kumi na tano." Anataja kila anachoandika wakati anakiandika. Haihitaji fedha. Inahitaji mtu amkumbushe mara mia, mpaka ulimi uzoee, na baadaye walimu wengi husema hata watoto wenye macho waliokaa nyuma wameanza kuelewa zaidi.

Somo la ramani ni zuri kuliko yote. Unachora Pemba kwenye kadibodi, unapitisha uzi mnene kwenye gundi kufuata ufuo, nao unapinda na kupinda, maana pwani ya magharibi ya kisiwa hiki imejaa ghuba na vijisiwa. Mbaazi moja kwa Wete, moja Chake Chake, moja Mkoani, moja Micheweni. Kipande cha kitambaa chenye manyoya kwa msitu wa Ngezi. Mtoto anakipitisha kidole kutoka kusini hadi kaskazini, na kisiwa chenye urefu wa kilomita zaidi ya 60 kinaisha chini ya kiganja chake. Kila aliyewahi kuwafundisha ataeleza kuwa swali la kwanza huwa moja: kwetu ni wapi? Basi na pale pabandikwe mbaazi.

Kisha kuna mashine. Ile ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham huko Marekani na kuanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 1951, ina vitufe 6 vya nukta na kimoja cha kuacha nafasi, na ina uzito unaokaribia kilo 5. Tofauti na kibao, hii huandika bila kugeuza; nukta zinatokea juu, na mtoto anaweza kuisoma E yake hapo hapo akiwa bado ana shaka nayo. Inapokaribia mwisho wa mstari hugonga kengele. Darasa linaizoea sauti yake kama linavyozoea mvua ya masika juu ya bati. Lakini ni chuma, na Pemba ni kisiwa: hewa ina chumvi, vumbi linaingia, kitufe kinakwama, na fundi wa mashine hizi hapatikani kila mji. Nimewahi kuiona moja imefunikwa kanga kabatini, kitufe kimoja kimekufa. Kitufe kimoja tu. Ukiondoa nukta moja kati ya 6 umeondoa nusu ya lugha. Karatasi nene nazo huagizwa, na kitabu chembamba cha wino kikigeuzwa nukta hutoka majalada kadhaa mazito. Tanzania ilijiunga mwaka 2020 na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu kugeuzwa kwa ajili ya wasioona bila kwanza kuomba ruhusa ya mwenye haki. Hapo kizuizi cha kisheria kimepungua. Karatasi, mashine na mtu wa kudunga bado vinatafutwa.

Nabakisha mtoto wa mwisho.

Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aligundua kwamba mama akipata rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba, ugonjwa ambao kwa mama mwenyewe ni vipele na homa ndogo, mtoto anaweza kuzaliwa na mtoto wa jicho na matatizo ya moyo, na wengine waliomfuatia wakaona uziwi pia. Tanzania ilianza kuchanja surua na rubela kwa sindano moja mwaka 2014. Kabla ya hapo, na kwa sababu nyingine pia zisizo za rubela, walizaliwa watoto ambao hawaoni wala kusikia vya kutosha kujifunza kwa jicho au kwa sikio. Chuo, kilichompokea asiyeona, kilishindwa kumpokea huyu, kwa kuwa chuo ni sauti. Darasa la viziwi nalo ni macho. Kila mlango uliojengwa ulijengwa kwa ajili ya mtu aliyebakiwa na kimoja kati ya viwili.

Watu wengi wamesikia habari za Helen Keller, aliyepoteza kuona na kusikia akiwa na miezi 19, na mwalimu wake Anne Sullivan, ambaye Aprili 1887 alimweka mkono chini ya maji ya pampu huku akimwandikia neno maji kwenye mkono wa pili. Kisa hicho kinapendwa, lakini kinawadanganya wazazi wakidhani mambo huja kwa siku moja. Mtoto aliyezaliwa hivyo hajawahi kujua kwamba vitu vina majina. Lazima aanzie nyuma zaidi. Mholanzi Jan van Dijk, aliyefundisha watoto wa namna hii huko Uholanzi, alionyesha njia: kabla ya neno, kitu. Kabla ya tendo, mpe mtoto kitu kile kile kila mara, mpaka kitu kiwe habari ya tendo linalokuja.

Katika nyumba ya Pemba vitu hivyo havinunuliwi. Kata ya kifuu ni kukoga. Upawa ni chakula. Kipande cha jamvi chenye harufu ya karafuu ni kwenda uani, karafuu zinakoanikwa. Pindo la kanga ya mama ni kulala. Vinapangwa kwa safu juu ya ubao mrefu, kimoja baada ya kingine, kutoka kushoto, na hiyo ndiyo kalenda ya siku nzima. Mwalimu au mama haushiki mkono wa mtoto akauburuta. Anautia wake chini, wa mtoto ukae juu, ili mtoto awe huru kuuondoa akiogopa. Mkono wa mtoto huyu ni jicho lake. Hakuna anayependa kushikwa jicho. Tendo likiisha, kitu chake kinatiwa kwenye pakacha lililo mwisho wa safu, maana yake: hili limekwisha. Mtoto analipapasa pakacha, anarudi kwenye ubao, anakuta kinachofuata.

Walimu wanaoijua kazi hii ni wachache. Kenya wana skuli ya Kabarnet, Dar es Salaam Uhuru Mchanganyiko wana kitengo chao. Visiwani, mara nyingi kazi inabaki kwa mama, bibi, na mwalimu mmoja anayewatembelea kwa baiskeli au daladala akiwa na mfuko wa vitu.

Inaweza kuchukua miezi, pengine mwaka, kata inatolewa asubuhi na jioni, na mtoto anaishika tu na kuiangusha. Hakuna kinachoonekana kutokea. Kisha asubuhi moja, kukoga kumekwisha, kata imeshatiwa kwenye pakacha, joto limekuwa kali, mtoto anakwenda mwenyewe hadi mwisho wa ubao. Anatia mkono ndani ya pakacha, anapapasa vilivyomo, anaitoa kata. Anamtafuta mama yake kwa mkono wa pili mpaka anampata, anakifungua kiganja chake, anaiweka kata humo na kukikunja kiganja juu yake.

Mama anaacha mchele kwenye ungo na kwenda kuteka maji.